Baiskeli Isiyofika Ushirombo

Kila kitu hapa Runzewe kimeshapata wa kukisifu. Malori yanayopita kwenda Rwanda na Burundi yana sifa zake, zimeandikwa mpaka kwenye madigadi. Pikipiki ya mkopo inasifiwa na mwenyewe hadi siku ya marejesho. Dhahabu haihitaji msemaji. Baiskeli isiyokwenda pekee ndiyo haijapata hata mtu wa kuitupia neno jema, nami naona hiyo ni dhuluma.

Ninayoisema ni ile iliyosimamishwa uani juu ya stendi yake, gurudumu la mbele limefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye nguzo ya banda la kuku, la nyuma linaning'inia vidole viwili kutoka chini. Mtu mzima, mwenye wajukuu au anayewatarajia, anaipanda kabla jua halijachomoza, anapiga pedali mpaka fulana inamgandia mgongoni, kisha anashuka palepale alipopandia. Kwa jasho alilotoa angeshafika Ushirombo zamani. Hajafika hata getini.

Kwetu kitu hakisifiwi kabla hakijatajiwa ukoo. Yangu ni Phoenix ya Kichina, nyeusi, ya breki za vyuma, na ukoo huo huku Usumbwani na Usukumani hauhitaji kutambulishwa. Umebeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, mbuzi wa mnadani, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, na viroba vya mawe kutoka kwenye maduara ya dhahabu kwenda karasha. Mjini Shinyanga baiskeli zilibeba abiria kwa nauli, watu wakaziita daladala, kabla bodaboda hazijazifukuza barabarani. Raleigh ya Mwingereza, Hero ya Mhindi, Swala iliyoundwa hapahapa nchini, zote zilizaliwa kubeba na zilizeekea kwenye kubeba. Katika ukoo huo mzima wa wapagazi, yangu ndiyo pekee isiyobeba mzigo wa mtu. Inanibeba mimi, tena hainipeleki kokote. Tangu lini muungwana akaonekana na gunia la mkaa mgongoni?

Wanaoicheka kwamba haiendi wajiulize kwanza wao wanakaa wapi. Runzewe yenyewe imesafiri sana bila kusogea. Wapo wazee hapa waliozaliwa tukiwa chini ya Wilaya ya Kahama, wakaoa tukiwa Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga, na mwaka 2012 wakaamka wako Mkoa wa Geita, kitanda kilekile, paa lilelile. Hakuna aliyewauliza wamefikaje bila nauli. Kama mji mzima unaweza kuhama mkoa ukiwa umekaa, mzee mmoja akisafiri uani kwake kosa liko wapi?

Tena chombo hiki si kigeni. Kila mwenye kisu butu anamjua mnoa visu: anafika na baiskeli yake, anaiteremshia stendi, anapitisha mkanda kutoka gurudumuni hadi kwenye jiwe la kunolea, anakaa, anapiga pedali. Cheche zinaruka, watoto wanakusanyika, panga linatoka linang'aa. Yeye anapiga pedali bila kwenda kokote na analipwa. Mimi napiga pedali bila kwenda kokote, na sabuni ya kufulia fulana nanunua mwenyewe. Kwa mizani ya biashara yeye ndiye mwenye akili. Kule Arusha wakaenda mbali zaidi: kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa 2009, ilitengeneza mashine ya kupukuchulia mahindi inayofungwa kwenye baiskeli na kuendeshwa kwa pedali. Naomba habari hii isimfikie mama watoto, maana mahindi tunayo ndani.

Na kama ni suala la ukubwa na udogo, hati zipo. Mwaka 1796 mtu mmoja wa London, Francis Lowndes, alipewa hataza ya mashine aliyoiita Gymnasticon, ya kuzungushwa kwa miguu na mikono mtu akiwa mahali pamoja, kwa faida ya viungo vilivyokakamaa. Baiskeli inayokwenda, au tuseme babu yake asiye na pedali, ilisubiri mpaka 1817, Karl Drais alipotoka na chombo chake cha magurudumu mawili huko Ujerumani. Isiyokwenda imetangulia kwa miaka 21. Kwa mila zetu, huyo ndiye kaka mkubwa, na hawa wanaopita barabarani wakipiga kengele ni wadogo zake waliokosa adabu.

Wabaya wangu watanikumbusha kwamba mwaka 1818 mhandisi William Cubitt aliwatengenezea Waingereza gurudumu la magerezani, wafungwa wakalipanda saa baada ya saa bila kufika popote, na kwamba ile ilikuwa adhabu. Ni kweli. Tofauti ni kwamba ufunguo wa geti langu ninao mimi.

Sasa tuhesabu fadhila zake. Barabara yetu hii kuu inapitisha magari ya mizigo usiku na mchana, yametoka bandari ya Dar es Salaam yanatafuta mpaka, na mwendesha baiskeli anayekutana nayo gizani anakuwa amekabidhi roho. Yangu haijawahi kupigiwa honi. Haijasimamishwa na trafiki, haijadaiwa leseni, haijaingia kwenye shimo la mvua za masika. Haipati pancha, maana tairi haligusi ardhi. Mwizi hawezi kukimbia nayo kabla hajafungua mafundo ya tyubu na kuwaamsha kuku. Vumbi la kiangazi, ambalo wenzangu wanalila kwa kilo, mimi naliona kwa mbali likiwapata wao.

Jirani yangu kijana, mwosha mawe kwenye mwalo wa dhahabu, hupita alfajiri akielekea kazini.

"Shikamoo mzee. Leo safari ya wapi?"

"Marahaba. Kigali."

"Ukifika utusalimie."

Mama watoto ana msimamo wake. Anasema kama baba anataka kuchoka, bomba liko mwisho wa mtaa na ndoo zipo. Sina jibu la hoja hiyo, na katika maandishi ya kusifu mtu haruhusiwi kukaa sana mahali asipokuwa na jibu.

Niseme nilivyofika hapo juu ya kiti. Ujana wangu sikujua neno mazoezi, wala hakuna aliyelijua. Tulilima, tulichunga, shule ilikuwa mbali na hatukuwa na namna zaidi ya kutembea. Kisha Mungu akafungua riziki. Nikapata duka, duka likanipa kiti cha plastiki, kiti kikanipa kitambi. Huku kwenye dhahabu kitambi kina heshima yake. Mwenye duara linalotoa mzigo humjui kwa viatu, unamjua shati linapokataa kufunga vifungo, na watu wanamwamkia kwa kuinama. Nami niliamkiwa hivyo miaka mingi, mpaka mganga wa zahanati aliponifunga ule mkanda mkononi, akapampu, akatazama namba, akafungua na kunifunga tena mkono wa pili. Daktari akipima mara mbili ujue hapendi alichokiona. Presha ikifika 140 kwa 90 na kukaa hapo inahesabiwa ni ugonjwa, na yangu ilikuwa imeshapita ikaendelea na safari. Nikaambiwa nipunguze chumvi na nitafute mazoezi.

Mazoezi ya hadharani serikali ilishatuhimiza. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya taifa zima kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na mijini watu walijitokeza kwa fulana za rangi moja na matarumbeta. Lakini hebu mjaribu mwenye duka akimbie asubuhi katikati ya Runzewe. Kwanza wanaomdai watadhani anawakimbia. Anaowadai nao wataanza kukimbia. Heri uani.

Ile baiskeli ilikuwa stoo chini ya magunia matupu. Fundi akaibadilishia mnyororo, akakaza friwili, akaniuliza naitaka kwa kazi gani. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akapunguza bei, nadhani kwa huruma. Ugumu wa mlima anauweka mtu mwenyewe: unakaza nati ya breki ya nyuma mpaka raba iguse rimu, na ukitaka mlima mkali unakaza zaidi. Raba ikipata moto inatoa harufu ya kiatu kilichoanguka jikoni. Jasho linadondoka kwenye bomba la juu na kuacha madoa meusi yanayong'aa katikati ya vumbi, na miguu ya stendi imechimba vijishimo viwili uani ambavyo kuku wameshavigeuza kuwa mahali pa kuogea udongo. Muda naupima kwa redio. Taarifa ya habari ya Radio Free Africa kutoka Mwanza ikianza napanda, na sishuki kabla ya michezo. Siku ambazo dunia ina mabaya mengi, mazoezi yanakuwa marefu.

Wiki za mwanzo niliichukia kwa dhati. Mapaja yaliwaka, pumzi ikakata, na kitu fulani kwenye goti kilikuwa kinasema nami kwa lugha yake. Kisha asubuhi moja mvua ilinyesha kubwa, sikupanda, na mchana kutwa dukani nilikuwa mkali kwa wateja bila sababu. Nilimrudishia mtu chenji pungufu tukagombana. Jioni, matope yakiwa bado hayajakauka, nikajikuta nimepanda, na hasira ikaisha kabla ya matangazo ya vifo. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimependa, tena ukubwani, na mapenzi ya ukubwani hayana aibu.

Wataalamu wana maelezo. Misuli ya mapaja na makalio ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, ikifanya kazi inakula sukari iliyo kwenye damu, mishipa inatanuka, na moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja badala ya kuhangaika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, wala halijasema lazima afike mahali. Na ushahidi wa kale kidogo unatuhusu sisi tuliojenga kandokando ya barabara. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa kutwa, waliugua moyo kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi lilelile, moshi uleule. Kaa kwenye maegesho yetu ya malori jioni moja utazame. Dereva anateremka kwa kutanguliza tumbo, anashika mlango, anapumua. Utingo ameshakagua matairi yote, amekaza turubai, amechota maji, na bado ana nguvu ya kubishana na muuza mahindi ya kuchoma. Anayelipwa zaidi ndiye anayekaa. Nilikuwa namwonea utingo huruma, sasa naona wivu.

Kuna fadhila moja zaidi ambayo wauzaji wa mashine ghali za mjini huificha: baiskeli hii haidanganyi. Haikuahidi kuondoa kitambi, na haijakiondoa. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, watu wanaotembea na kuchimba mizizi kila siku ya Mungu, wakakuta kwamba nguvu wanayotumia mwilini kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haipishani na ya Wamarekani wanaokaa maofisini. Mwili una hesabu zake; ukiutumikisha huku, unabana matumizi kule. Tumbo linatafutiwa dawa kwenye sahani, na mimi sahani yangu, ikiwa na ugali wa dona, sato na nsansa ya karanga, sijafikia hatua ya kuisaliti. Kwa hiyo kitambi kipo, heshima ya mtaani ipo, na presha imeshuka. Ni chombo gani kingine kilichompa mtu vyote vitatu?

Nimebakiza kiti, nacho ndicho cha kusifiwa kwa tahadhari. Kile cha ngozi ngumu chenye springi mbili, kilichotengenezwa na mtu ambaye bila shaka alikuwa na ugomvi na binadamu. Kinabana panapouma na kupwaya panapopaswa kushika, na kila pedali kinalia kwi, kwi, mpaka jogoo amejifunza kukijibu. Lakini bila kiti hicho ningesinzia, na anayesinzia hafanyi mazoezi. Springi ya kulia imekatika juzi. Fundi kanizungushia waya wa kufungia uzio, na waya huo umeanza kunitafuta.

Basi ewe msomaji wa Runzewe, Uyovu, Ushirombo au Masumbwe, mwenye Phoenix iliyolala stoo chini ya magunia: kabla hujaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, ipandishe stendi walau wiki tatu uone. Na kama baada ya hapo bado unaiuza, nipe kwanza kile kiti. Nanunua kwa pesa taslimu, mradi springi zote mbili ziwe nzima.