Mashine ya Marehemu Baba

Nilikuwa napanda mlima kutoka mpakani, mzigo wa vitenge vya Bukavu kichwani, niliposikia mashine ya marehemu baba ikipiga mayowe. Mtoto aliyelelewa kando ya mashine ya kusaga hasahau sauti yake. Kule Bugarama, nilikokulia, ilikuwa inasema tuku, tuku, tuku, taratibu, kutwa nzima, na tulipokuwa tumelala mchana, kilichotuamsha ni kimya chake ilipozimwa. Jumamosi ile haikuwa na tuku wala nini. Mapigo yalikuwa yameshikana, moja halijaisha jingine limeshaingia, na chini yake nikasikia kishindo cha kitu kizito kinachoruka na kutua. Nikajua kuna mtu ameshika gavana, kidhibiti cha kasi. Nikautua mzigo kwa mama mmoja muuza ndizi, nikakunja kanga, nikaanza kukimbia.

Mume wangu ni mtu wa magari. Corolla yetu ameifungua na kuifunga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila Jumapili jioni wenzake wawili huja, boneti linainuliwa, wanasimama chini ya mparachichi mpaka giza linaingia. Mwaka jana mazungumzo yao yalihama. Mmoja alikuja na picha kwenye simu: injini ya Emma Mærsk, meli ya makontena ya Denmaki iliyoshushwa majini mwaka 2006. Silinda 14 katika mstari mmoja. Tani 2,300. Urefu wa kwenda juu mita 13 na nusu, na nguvu ya farasi karibu 109,000. Kwenye picha fundi amesimama kando yake, mdogo kama kunguru kwenye ukuta wa kanisa.

Siku ile nami niliacha kuosha vyombo nikaja kutazama. Mume wangu akachukua futi na chaki, akachora kwenye ukuta wa jiko duara lenye upana wa sentimita 96. Huo ndio upana wa pistoni moja. Watoto wetu watatu wakasimama ndani ya duara wakabanana, wakaenea. Kisha akapima safari ya pistoni, kutoka chini mpaka juu: mita mbili na nusu. Futi ikapita kizingiti cha mlango, ikagusa mbao za paa. Tukapiga hesabu ya ujazo mezani usiku ule, mimi nikishika kalamu. Silinda moja ina lita 1,800 na zaidi kidogo. Corolla yetu, silinda zote nne kwa pamoja, haifikishi lita 1.6.

Tangu hapo nyumba yetu iliishi na injini kubwa. Mume wangu na wenzake walipanda basi mpaka Karongi kuona mitambo inayochoma gesi ya ziwa letu la Kivu. Methani inavutwa kutoka maji ya chini sana, inaletwa nchi kavu, na injini tatu za Wärtsilä zinaigeuza kuwa umeme wa megawati 26. Hawakuingia ndani, lakini walirudi wameridhika kama watu waliotoka hija. Usiku mwingine ilikuwa zamu ya meli ya Liemba. Hiyo ni jirani yetu, maana maji yanayopita chini ya daraja letu la Rusizi yanashuka hadi ziwa Tanganyika, ndiko iliko. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika makasha 5,000, ikasafirishwa kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma. Kwanza waliipa jina la von Götzen, yule Mjerumani aliyepita Rwanda mwaka 1894 akaliona ziwa Kivu. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na baadaye injini yake ya mvuke ilibadilishwa ikawekwa ya dizeli. Mwanangu wa pili aliuliza mwenye kazi ya kuhesabu makasha yote yale alikuwa nani. Hakuna aliyemjibu, na mimi bado nalifikiria swali hilo.

Basi kaka yangu wa Bugarama alipofunga mota ya umeme kwenye mashine ya kusagia, akataka kuiuza injini ya baba kwa kilo, chuma chakavu, mimi ndiye niliyesema hapana. Ni injini ya aina ya Lister, silinda moja, na magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni, kila moja pana kama sinia la harusi. Baba aliinunua kabla sijazaliwa. Ilisaga mihogo iliyonisomesha. Nikamwambia mume wangu, "Tuilete nyumbani." Nadhani hata siku ya harusi yetu hakufurahi vile.

Ilipanda mlima ndani ya lori la Dyna, ikashushwa na wanaume wanane kwa magogo na kamba. Kwa muda wakaiweka uani juu ya mihimili miwili ya mkaratusi. Nilisema mbele yao wote: msiiwashe kabla hatujamwaga zege. Silinda moja haina mwenzake wa kuituliza. Pistoni inapopanda hakuna nyingine inayoshuka. Kule Bugarama baba aliifunga kwa bolti nne ndefu zilizozama ndani ya msingi uliomfika kiunoni. Wakaitikia, "Ndiyo, shemeji."

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Asubuhi tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tukafyeka mitaro, kisha mimi nikavuka mpaka. Wao wakarudi nyumbani na mikono iliyozoea kazi tangu asubuhi, na injini iko pale. Wakaweka dizeli, wakajaza maji kwenye pipa la kuipoza, wakashika hendeli.

Iliwaka. Lakini ilitoa moshi mweusi, na hilo mtu wa Bugarama angeweza kuwaeleza. Bugarama ndiyo bonde la chini kuliko yote Rwanda, kama mita 950 kutoka usawa wa bahari. Sisi huku tuko juu ya ziwa, na ziwa lenyewe liko mita 1,460. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini iliyozoea kuvuta pumzi bondeni hapa inaikosa kidogo. Wao wakaona moshi, wakasikia tuku, tuku, wakasema mashine inalala. Mmoja akaiona springi ya gavana, akachukua spana, akaikaza.

Mama yangu, anayeishi nasi, ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, maana alikuwa jikoni na chungu cha maharage motoni. Alisema injini kwanza ilitetemeka, kisha mihimili ikaanza kucheza, kisha ikaruka, ikatua kiganja kimoja mbele. Ikaruka tena. Ikakata bomba la maji, pipa likalala ubavu, lita 200 zikafagia ua mpaka kwenye kuku. Mume wangu akaanza kutafuta swichi. Mkono wa mtu wa magari huenda kwenye ufunguo, lakini dizeli ya namna hii haina ufunguo, haina plagi, haina waya wa kung'oa. Inajichoma kwa joto la hewa iliyobanwa, na mradi inapata mafuta na hewa itaendelea. Mwenzake mmoja akafunga koki ya tangi. Ni wazo zuri, isipokuwa mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye chujio na bomba yanatosha kuizungusha kwa muda mrefu sana ukiwa umesimama mbele yake.

Nilipoingia lango ilikuwa imevuka ua wote. Ilikuwa inaupiga ukuta wa jiko, chini tu ya lile duara la chaki, na matofali mawili yalikuwa yamekwisha kuingia ndani. Mama alikuwa ametoka na watoto, amesimama mbali, chungu kimepasuka miguuni mwa mafiga, maharage yamezima moto. Nilimshukuru Mungu kwa kuhesabu vichwa: watatu, na mama, na wanaume watatu.

Kilichonitisha si ukuta. Ni yale magurudumu. Chuma cha kusubu kina kasi yake. Ukiipita kinaweza kupasuka, na kipande kinakwenda kinakotaka. Baba alituonyesha tukiwa wadogo mahali pa kusimama: upande wa pampu, kamwe si mbele ya gurudumu. Nikazunguka upande huo. Pale kwenye pampu ya dizeli kuna kidole cha chuma, kimeng'arishwa na dole gumba la baba kwa miaka yote ile. Nikakisukuma nyuma nikakishikilia. Mafuta yakakatika. Magurudumu yakaendelea kwa uzito wake, yakapungua, tuku ikarudi, tuku, tuku, kisha pumzi ndefu, kisha kimya. Nikasikia kuku.

Mume wangu alikuwa amelowa mpaka magotini. "Mama watoto," alisema, "tulitaka tu iamke."

Sikupiga kelele. Nilikuwa natetemeka, nikakaa juu ya pipa lililolala. Akaanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa ya kweli: mashine hii ina ujazo wa lita 1.4, karibu sawa na Corolla, lakini Corolla inatoa nguvu ya farasi zaidi ya 100 na hii inatoa 6 tu, kwa sababu inazunguka mara 650 kwa dakika na Corolla inakwenda mpaka 6,000. Ndiyo maana walidhani imezubaa.

Nikamwuliza, "Ile ya meli mnayokesha nayo inazunguka mara ngapi?"

Akanyamaza. Rafiki yake ndiye aliyejibu, taratibu. "Mara 102, shemeji."

"Na hiyo mbona hamsemi inalala?"

Hawakuwa na jibu, na mimi sikulitaka. Nilitaka walione. Pistoni ya mita mbili na nusu haiwezi kukimbizwa kama ya Corolla. Ikikimbizwa itajirarua yenyewe. Inasukuma kwa upole na kwa muda mrefu, na rafadha kubwa ya meli inapenda mwendo huo. Baba hakujua jina la meli hata moja, lakini alikuwa akiweka kiganja chake kwenye tangi la dizeli kila asubuhi ili asikie kama mapigo yamekaa sawa. Kiganja kikiuma kwa mtetemo, anailegeza springi.

Waliilegeza siku ileile. Wiki iliyofuata walichimba shimo la kunifika kiunoni, nikasimama ndani yake kulipima. Wakamwaga zege la saruji ya Bugarama, bolti nne zikasimamishwa kwa ubao ili zisiyumbe, na tukangoja siku 28 bila mtu kuigusa hendeli. Kila jioni mume wangu alimwagia zege maji kama anayenywesha miche. Alimnunulia mama chungu kipya kabla ya kununua tofali la ukuta, na hilo mama halikumpita.

Siku ya 29 tuliiwasha, mimi nikiwa upande wa pampu. Nilisimamisha glasi ya maji juu ya zege. Maji yalipata mikunjo midogo tu, hayakumwagika.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko na kinu, anatwanga sombe, majani ya mihogo. Mume wangu alimtazama, akaiweka saa yake karibu na macho, midomo ikahesabu. Dakika ikaisha. Akamshika rafiki yake bega.

"Mia na moja," alimwambia. "Hesabu na wewe."