Kisogo Kitukufu

Niende moja kwa moja kwenye sifa. Nasimama kuitukuza video mbovu: ile iliyopigwa na mtu asiyejua kupiga, kwa kifaa kisichofaa, usiku, nyuma ya watu warefu. Hapa Ifakara, mkoani Morogoro, ipo moja inayonifuata popote niendapo. Kijana wa kibanda cha simu karibu na stendi, kazi yake kujaza watu nyimbo kwenye memori kadi, hakuuzii hata chaja kabla hajakuonyesha. Ni onyesho la mchiriku la miaka ya tisini, Dar es Salaam. Lilirekodiwa kwenye mkanda wa VHS, mkanda ukahamishiwa kwenye VCD, VCD ikanyonywa na simu, simu ikarusha kwa simu nyingine, na kila lilipohama liliacha kitu njiani. Kijana anaapa kwamba ni bendi ya Jagwa Music. Fundi redio aliye jirani yake anaapa kwamba siyo. Ubishi wao umedumu kuliko ndoa nyingi za mjini hapa, na hauwezi kuamuliwa, kwa sababu kinachoonekana kwenye video hiyo, karibu mwanzo hadi mwisho, ni kisogo.

Naomba nikae kidogo kwenye kisogo.

Mwanadamu huenda saluni akatengeneze kichwa chote, lakini sehemu ya nyuma hajawahi kuiona ila kwa hisani ya kioo cha pili. Video mbovu imekuja kuziba pengo hilo. Ndani yake mna visogo vya denge, visogo vyenye mistari, visogo vya jeri keli vinavyometameta kila taa inapopita, na kisogo kimoja chenye mapunye ambacho naamini leo ni cha babu wa mtu. Kuna panki pia, ule unyoaji wa kuacha nywele katikati, uliofika kwetu miaka mingi kabla ya mtu kuuliza ni muziki gani huo uliouzaa. Mwanahistoria akitaka kujua vijana wa Dar walinyoaje wakati mfumo wa vyama vingi unaanza, asihangaike na magazeti, maana magazeti yalipiga nyuso. Kisogo hakijui kujipanga mbele ya kamera. Hakitabasamu kwa kulazimishwa. Hakimjui mfadhili. Mbele ya kisogo hakuna mheshimiwa wala mchukuzi, kwa kuwa ukikaa nyuma yao huwezi kuwatofautisha, labda kwa kola. Na hakuna mahakama itakayomtia mtu hatiani kwa kisogo. Ndiyo maana watu wazima wenye vyeo vyao hutazama video hii pale kibandani bila hofu, ingawa nina mashaka na masikio ya mmoja wao.

Fadhila nyingine nazipitia haraka. Ni fupi. Haimalizi bando. Tena ina maadili: mwaka 2018 mamlaka zilifungia nyimbo kadhaa za Bongo Fleva kwa sababu ya maneno yake, lakini hii haina neno hata moja linalosikika, na afisa yeyote angeipitisha huku amefumba macho. Sauti yake ni ya mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, jambo ambalo kwetu si tusi. Huu ni mji ambamo Waswisi walifungua maabara ya utafiti katika miaka ya hamsini, na maabara hiyo imekua hadi kuwa Ifakara Health Institute, inayofuga mbu kwa maelfu ili iwachunguze. Nadhani pale wangemsikiliza mpiga kinanda wetu wakamtaja kwa jina lake la Kilatini.

Asiyeujua mchiriku nimweleze kidogo. Ni muziki wa uswahilini: kinanda kidogo cha Casio, cha saizi ya kuchezea watoto, kinaunganishwa na amplifaya chakavu na spika za honi hadi sauti ichanike, ngoma zinakimbizwa, kigoda cha kukalia kinapigwa kwa vijiti, na mwimbaji anafoka juu ya hayo yote kuhusu kodi ya nyumba, mapenzi na ulevi. Jagwa Music walianza mwaka 1992. Redio hazikuwataka, kaseti zao zikatembea zenyewe kwenye daladala. Miaka 20 baadaye kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads, na wasikilizaji wa Ulaya wakashangaa kukuta panki iliyozaliwa bila gitaa. Vijana wa singeli wanaotamba sasa wamekunywa kisima hichohicho, ila wao wameongeza mwendo.

Kwa hiyo nilitegemea kumwona mpiga kinanda. Ni jambo dogo tu. Kuna mahali kwenye video watu wote wanapiga kelele kwa pamoja, mikono juu, kinanda kinalia kama hakijawahi kulia, na nijuavyo mimi wapiga vinanda hawa, hapo ama ameanza kupiga kwa kiwiko ama amekigeuza chombo juu chini. Na hapohapo, sekunde hiyohiyo, mpiga picha anageuza kamera kumwonyesha mtu anayekula muhogo! Anakaa kwenye muhogo hadi unaisha. Kisha anaweka kidole kwenye lenzi. Bwana wewe, ulilishwa nini siku ile? Muhogo hujawahi kuuona?

Nisameheni. Nilikuwa nasifu.

Tena mpiga picha huyu ana wenzake wakubwa. Tarehe 4 Juni 1976, Sex Pistols, bendi ya panki ya Waingereza, walipiga kwenye ukumbi wa Lesser Free Trade Hall mjini Manchester, mbele ya watu wanaokadiriwa kuwa 40 hivi. Mmoja wao alikuwa na kamera ndogo ya filamu, akapiga vipande vinavyoyumba, vyenye giza. Leo vipande hivyo vinatunzwa kwa heshima, na wanaodai kwamba usiku ule walikuwapo ukumbini wangejaza kiwanja cha mpira. Waingereza walikuwa na BBC yenye kila kamera iliyobuniwa, na bado usiku ule aliyekuwapo na kamera alikuwa mtu wa kawaida na mkono wake unaotetemeka.

Kwetu Bara televisheni ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo kamera za filamu zilikuwapo, na tangu mwaka 1968 tulikuwa na kampuni ya umma, Tanzania Film Company. Kwa hiyo mtu asinidanganye kwamba mashine hazikujulikana. Ziligeuzwa kwenye majukwaa mengine. Mimi ni mtu wa mkoa wa Morogoro. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyepelekwa hadi kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaunda Super Volcano, akafa kwa ajali nchini Kenya Januari 1979, sauti yake naijua kuliko ya wajomba zangu. Sijawahi kumwona akitembea. Ningetoa gunia langu la mpunga, tena la mwezi Februari, kwa dakika moja ya kisogo cha mtu anayemtazama.

Halafu mtu ataniambia siku hizi tumeendelea. Njoo basi msimu wa mavuno, mpunga ukishaingia ghalani na watu wana hela, bendi inaletwa uwanjani. Wapiga picha wamekodiwa, wana kamera mbili na nyingine inayoruka juu ya mashamba. Wanapiga gari la mgeni rasmi likiingia. Wanapiga mlango wa gari. Wanapiga kiti chake kabla hajakikalia, kwa ajili ya tahadhari. Wanampiga akisalimia meza kuu, akipokea kanga, akitambulishwa na mtu ambaye naye ametambulishwa, kisha hotuba inayokumbusha kila kilichofanyika tangu daraja la Mto Kilombero lilipojengwa. Wanamuziki wameketi nyuma ya jukwaa, wanatafuna miwa. Mheshimiwa akiondoka, wapiga picha nao wanafunga vifaa, kwa kuwa mkataba ulikuwa wa mheshimiwa. Bendi inaanza saa hiyo. Na wiki moja baadaye video safi inasambazwa, rangi zake kama za harusi, na muziki wa bendi ile umo, kweli umo: umewekwa chini ya hotuba, kwa sauti ndogo.

Atakayebaki uwanjani na simu yenye kioo kilichopasuka ni yule kijana wa kibandani. Nimeshamwonya kuhusu kidole, nikamwonya kuhusu muhogo. Kwa mgeni rasmi wa msimu ujao nina ombi moja tu la kikazi. Karibu sana, mheshimiwa, na ukipenda baki hadi bendi ianze, tutafurahi. Ila uketi chini na sisi wengine, na ile kofia pana uliyopewa zawadi uivue. Inatuzibia kinanda.