Mheshimiwa Funza, Bingwa wa Kanuni

Simba kapewa noti ya shilingi 2,000, kifaru ya 5,000, tembo ya 10,000. Wapo watu Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, waliozeeka bila kumwona hata mmoja kati ya hao watatu. Funza, aliyelala nao mkeka mmoja kwa zaidi ya karne, hajachorwa hata kwenye sarafu. Dhuluma hiyo inastahili kurekebishwa, maana hakuna kiumbe aliyezishika kanuni za afya, jeraha na uzee kwa uaminifu kama huyu.

Nasaba yake ni ya mbali. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazili na shehena ya mchanga wa kuipa uzito, ilitia nanga Ambriz, Angola. Mchanga ukamwagwa ufukweni, na abiria asiye na nauli akashuka. Toka hapo alipanda nyayo za wapagazi, askari na wafanyabiashara, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Reli ya Kati iliingia Kigoma mwaka 1914. Yeye alikuwa ameshavuka bara zima kwa miguu, tena miguu ya watu.

Alichelewa kidogo tu kukutana na Henry Morton Stanley. Novemba 1871 Stanley alipita Buha, nchi ya Waha, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na watawala wa njiani wakamtoza hongo ya vitambaa, huyu akimaliza mwenzake anaanza. Mwishowe alitoroka usiku na msafara wake, akakata pori ili asilipe tena. Funza alipofika alianzisha hongo isiyokwepeka. Bunduki haimtishi, vitambaa hana haja navyo, na anayetoroka usiku peku ndiye anayelipa wa kwanza.

Kanuni zake za afya, jeraha na uzee zinang'aa zaidi zikilinganishwa na zile zilizotungwa na wanadamu. Kuna michezo ya mezani ambayo mchezaji hujifanya shujaa, mwizi au mchawi, na uhai wake huhesabiwa kwa pointi. Uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika toleo lake la 2014, shujaa aliyetafunwa na joka akapona kwa tundu la sindano hulala saa 8, akaamka pointi zake zote zimerudi. Mchezo wa Traveller wa 1977 ulijaribu kuwa mkali zaidi: mhusika akifikisha miaka 34 anaanza kurushiwa dadu kuona kama mwili umemchakaa, na anaweza kufa hata kabla hadithi haijaanza.

Ni jitihada za kupongezwa. Ila mtunzi wa kanuni za nyanda za Kigoma hachezi dadu, na zile saa 8 za usingizi kwake ni zamu ya kazi.

Kanuni zake za uzee, kwa mfano, zimepangwa vizuri kuliko za kitabu chochote. Yeye ndiye kiroboto mdogo kuliko wote, hazidi milimita 1, na jike peke yake ndilo linalojenga ndani ya ngozi; dume hunywa damu, humtembelea mwenzake na kwenda zake. Wataalamu wameyagawa maisha ya jike humo katika hatua 5. Saa za kwanza ni kidoa chekundu pembeni ya kucha. Siku ya pili ni nukta nyeusi na mwasho ule uliowafanya watu wa pwani wamwite tekenya, kana kwamba ni mchekeshaji. Hatua ya tatu ndiyo ya utukufu: anafura mpaka anafikia upana wa sentimita 1, mduara mweupe wenye kitone cheusi katikati. Kitone hicho ni makalio yake, ameyaacha nje kwa makusudi, maana ndiyo pua yake na ndiyo mlango wa mayai, ambayo hudondoka vumbini kwa mamia. Kati ya wiki ya tatu na ya tano anazeeka na kufa palepale, bila kuhama na bila kuomba kuzikwa kwao. Hatua ya tano ni shimo analoacha, kovu la kumbukumbu.

Warundi, majirani wa Waha, humwita imvunja. Kwa sikio la Mswahili jina hilo halihitaji mkalimani.

Upande wa majeraha pia hana upungufu. Kucha hung'oka, unyayo hupasuka, usaha huita wadudu wengine, na pepopunda huweza kupita mlango uleule. Mtoto hujifunza kutembea kwa visigino, na funza wakihamia visiginoni hujifunza kutembea kwa ubavu wa mguu. Hata anayemtoa hupewa adhabu: pini moja ikizunguka miguu ya nyumba nzima, inaweza kugawa homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Ubaguzi hana. Nguruwe, mbwa, paka na panya wote ni nyumba zake. Kwa binadamu anawapendelea watoto wa umri wa shule na wazee, yaani wale ambao ngozi yao au macho yao hayawezi kumkatalia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka vijiji vya wilaya ya Kasulu ulimkuta kwa zaidi ya watu 4 katika kila 10 waliochunguzwa. Wabunge wengi wangefurahi kuwa na wafuasi watiifu kiasi hicho. Ajabu ni kwamba aibu ya uhusiano huo hubebwa na mwenyeji: mwenye funza huitwa mchafu, wakati kinachomkaribisha mgeni ni sakafu ya udongo mkavu ambayo mwenye nyumba hana saruji ya kuifunika.

Maadui anao, kama kila mtawala. Mvua za Novemba humpunguza, kiangazi cha Juni humrudisha na vumbi lake jekundu. Viatu vya kufunika mguu humkera. Mafuta ya dimetikoni humtafuta kwenye kile kitone cheusi, huziba pumzi yake, naye hufia kwenye kiti chake bila pini kuguswa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaweka magonjwa ya wadudu wa ngozi, lake likiwamo, katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Kwake ni cheo kikubwa: kusahaulika rasmi.

Mafuta hayo si kila duka la dawa linayo. Kwa hiyo jioni za kiangazi, barazani, bado bibi hunyoosha mguu kwenye mwanga wa mwisho wa jua, kwa kuwa kuinama hawezi tena na kitone hakioni. Mjukuu hushika pini, akauliza kama inauma. Bibi humjibu achokoe taratibu, asipasue mfuko, kisha alete na mguu wake.