Mshipi wa Bwana wa Mjini

Kila bwana wa mjini ajaye kuvua Nyamisati hakosi kutuhubiria, kwa ufasaha usio kifani, fadhila za mshipi wa florokaboni, ambao, kwa kuwa hupinda nuru karibu sawa na maji, samaki hauoni kwa urahisi, na kwa sababu hiyo wavuvi wa Kanada, watoboao barafu juu ya maziwa maangavu, huuthamini mno. Hoja ni sahihi. Lakini maji ya Rufiji yamejaa tope, na hongwe wetu hutafuta riziki kwa sharubu. Barafu nasi tunayo, alhamdulillahi: imo sandukuni, ikimhifadhi samaki ambaye bwana huyo, jioni ikiwadia, atamnunua kwa mvuvi mwenye mshipi wa nailoni.