Pongezi kwa Wanaopenda Sanamu

Kwa Wakuu wa Mfuko wa Taifa wa Insia, NEH,
Washington, Marekani.

Waheshimiwa,

Yah: KUKOMESHA ANASA ZA WAHADHIRI

Mfuko wenu ulianzishwa mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria yake. Tangu hapo mmefadhili mambo mengi, lakini semina za kiangazi za walimu wa vyuo ndizo zilizopita kiasi. Hebu tazameni ulaji wenyewe: walimu 16, wengine kutoka vyuo vidogo ambako mtu hana hata mwenzake mmoja wa fani yake, walikusanywa na kulazwa kwenye mabweni ya wanafunzi. Posho ya wiki nne ilikuwa dola 3,450. Humo humo mtu atoe nauli, kodi ya chumba na chakula, na mamlaka ya mapato nayo ina fungu lake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mlitoa jembe siku ya kwanza: rundo la vitabu vya kusoma usiku, na asubuhi mabishano juu ya ukurasa mmoja hadi njaa iume.

Ashukuriwe Mungu, Aprili 2025 mliamka. Mlifuta ruzuku zaidi ya 1,000, zikiwemo za semina, na kiangazi kilikuwa mlangoni. Mwezi huohuo mkatangaza kazi ya maana: ruzuku ya hadi dola 200,000 kwa kila sanamu ya Bustani ya Taifa ya Mashujaa wa Marekani.

Nimepiga hesabu. Sanamu moja ni posho ya wiki nne kwa walimu 57, na chenji inabaki. Mmechagua vyema. Mwalimu akitoka semina hurudi chuoni na maswali mapya, akayasambaza darasani mwaka baada ya mwaka. Sanamu haiulizi kitu, hailalamikii godoro, wala haihitaji nauli. Tena mmesisitiza zifanane na watu halisi na zisiwe za kidhahania. Hapo mmeona mbali, maana sanamu ya kidhahania ingeweza kumfanya mtazamaji afikiri.

Kuna jambo moja tu linalonitatiza. Katika orodha ya mashujaa wa bustani hiyo aliyoitoa Rais Donald Trump mwaka 2021 yumo Hannah Arendt, mwanafalsafa aliyechambua utawala wa kiimla. Mtoto akisimama mbele ya sanamu yake na kuuliza huyu mama alisema nini, nani atamjibu? Mchongaji ameshalipwa na kuondoka. Mlinzi wa bustani hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Anayeweza kumjibu ni mwalimu aliyepata wiki chache za kumsoma Arendt pamoja na wenzake.

Basi chongeni mnavyotaka, lakini kwa kila sanamu mnayosimamisha, rudisheni semina moja. Posho za walimu wake 16 ni dola 55,200. Hata kwa bei ya mawe, hiyo ni rahisi.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa chuo