Hotuba Juu ya Uwiano wa Roka, Iliyotolewa Bwera Bila Kuombwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC One, wazee wangu, mama zangu, ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Kasindi, na wewe kijana wa bodaboda unayegongagonga spana wakati wakubwa wanaongea: karibuni. Naona wengine mmefuata kivuli cha mwembe tu. Haidhuru. Elimu haichagui makalio.

Nimesimama kuwafundisha uwiano wa roka, yaani ule mkono unaobonyeza valvu, na jinsi ya kuuchagua kwa injini inayoongezwa nguvu. Wataalamu wa jambo hili katika wilaya nzima ya Kasese ni mmoja. Unyenyekevu unanizuia kumtaja, ila amevaa ovaroli ya buluu na mnamtazama. Watu huniita Profesa. Nimewakataza mara nyingi, kwa sauti ya chini.

Kwanza mjue nimetoka wapi. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kuja kubeba shaba ya Kilembe, babu yangu alikuwa na cheo pale mgodini. Cheo gani? Mzee wangu, nilitumaini hutauliza. Alikuwa mlinzi wa geti. Lakini geti ni nini kama si valvu? Linafunguka kwa wakati, linafungwa kwa wakati. Kwa hiyo uhandisi wa injini nimeurithi, sikuusomea. Wanaosomea ni wale ambao babu zao hawakuwa na geti.

Sasa somo. Roka ina mhimili katikati. Upande mmoja unasukumwa na kamshafti kupitia pushirodi, upande wa pili unabonyeza valvu. Chukua umbali wa kutoka mhimili hadi valvu, ugawe kwa umbali wa kutoka mhimili hadi pushirodi: huo ndio uwiano. Ile V8 ndogo ya Chevrolet ya mwaka 1955 ilitoka kiwandani na 1.5. Nundu ya kamshafti ikiinua milimita 7, valvu inafunguka milimita 10.5. Funga roka za 1.6, kamshafti ni ileile, valvu inafunguka 11.2. Hewa inaingia zaidi, nguvu inapanda. Somo limekwisha. Turudi kwangu.

Mnamjua Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyeshinda Safari Rally mara 5. Mwaka 1973, akiwa na Datsun 240Z, alimaliza na pointi sawasawa na Harry Källström, ikabidi kanuni iamue mshindi. Pale palihitajika ushauri wa mtu anayejua roka. Sisemi alishauriwa na nani. Nani anauliza nilizaliwa lini? Mwaka 1977. Na je, kipaji kinasubiri cheti cha kuzaliwa?

Nina pia nadharia yangu binafsi, ambayo vyuo vikuu bado vinaiogopa. Mnajua mstari wa ikweta unapita Kikorongo. Nimegundua kwamba gari la kaskazini ya mstari litumie 1.5 na la kusini litumie 1.6, maana hewa hubadilisha tabia. Nimeijaribu kwa miaka mingi katika barabara ya Kasese hadi Bwera, na matokeo hayajawahi kunipinga. Mwalimu mmoja wa jiografia amenong'ona kwamba Kasese na Bwera zote ziko kaskazini. Mwalimu, umealikwa kusikiliza.

Wapo waoga wanaosema uwiano haubadilishwi hivihivi. Wanasema weka udongo laini juu ya pistoni, zungusha injini kwa mkono, kisha ukate ule udongo upime nafasi iliyobaki kati ya valvu na pistoni. Wanasema hakikisha springi hazibanani zikafika mwisho, kwa sababu valvu sasa inashuka zaidi. Wanasema ncha ya roka ikanyage katikati ya ncha ya shina la valvu, si pembeni, la sivyo italiwa mpaka ilegee. Wanasema pushirodi isisugue tundu lake kwenye silinda hedi, na kwamba kamshafti itabeba mzigo mzito kuliko iliyoundiwa. Mimi sipimi. Jicho langu ndilo geji.

Ushahidi upo. Kuna mteja aliniletea pikapu ya Peugeot 504, ndugu wa gari alilotumia Ove Andersson kushinda Safari mwaka 1975. Hiyo injini ni ya pushirodi na roka hasa. Roka za 1.7 hazipatikani hapa, basi nikarefusha zilezile kwa kuchomelea chuma. Pikapu iliondoka hapa ikinguruma, watoto wakapiga makofi, ikakimbia kwa fahari mpaka Kinyamaseke. Pale valvu ikakutana na pistoni. Bado nasisitiza kwamba valvu ilifunguka vizuri sana. Tatizo lake lilikuwa kufunga.

Twende kwenye vitendo. Mama mwenye gari la Kikumi, sogea. Unasema gari linachoka likipanda mlima na abiria wanne. Nimekuambia tangu asubuhi: uwiano wa roka ni mdogo. Wewe msaidizi, ondoa kifuniko cha juu, umma uone. Vizuri. Hizo ni kamshafti mbili. Chini yake vikombe 16, na chini ya vikombe, valvu 16. Na roka ziko... Msaidizi, roka umeziweka wapi? Hujazigusa? Mwalimu, nyamaza. Naona mwenyewe. Kamshafti inakanyaga kikombe, kikombe kinakanyaga valvu. Injini hii ya 5A-FE haina roka hata moja. Basi uwiano wake ni sifuri, na nilisema tangu mwanzo kwamba ni mdogo!

Kijana wa bodaboda, unacheka nini? Eti Bajaj Boxer yako ndiyo yenye roka, na muda wote huu ulikuwa unazirekebisha kwa fila geji? Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Tangu nianze kuongea umesema maneno machache tu, lakini nimekuelewa. Acha hilo chujio la hewa la Mama. Najua lina vumbi, hata mimi nililiona. Usiligonge kwenye tairi mbele ya wageni! Limetoa vumbi la msimu mzima. Mama, usiwashe kwanza, sijafika kwenye hitimisho.

Amewasha. Linapanda. Mnaona wenyewe matunda ya hotuba yangu.

Ada ya kusikiliza ni shilingi 10,000 kila kichwa, na Mama atalipa mara mbili kwa sababu gari lake limepona. Risiti nitaleta. Na ndugu zangu, nawaombeni kwa heshima: mkimwona mwenye Peugeot anashuka kwenye teksi ya Kinyamaseke, mwambieni Profesa amehamia Kasese mjini, na hakuacha namba.