Muulize Fundi Soli: Mguu Ndio Mteja

Barua za safari hii zinanuka jasho. Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, watu walioniletea viatu vya ofisini kubandika kisigino sasa wananiletea raba, na kila raba inakuja na swali lake. Nawajibu nikiwa hapa hapa kibaraza changu cha ufundi, chini ya mwembe, Mwembesongo (msiniulize kama ndio huu wenye songo), misumari mdomoni, kwa hiyo mnisamehe nikikatiza. Mimi si daktari wala si kocha. Ila nimebandua soli nyingi hapa Morogoro, mji kasoro bahari, na soli haina siri. Inaniambia mwenyewe anakanyaga vipi, anapita wapi, na kama anakimbia kweli au alivaa raba aende kunywa supu.

*Shikamoo Babu Soli. Mimi ni dereva wa bodaboda. Nimepata raba ya mtumba yenye soli nene kama mkate wa bofulo, ndani ina kibao kigumu cha kaboni. Muuzaji kaapa ndiyo anayovaa Kipchoge. Nimekimbia nayo wiki mbili, wenzangu bado wananiacha, na sasa kifundo cha mguu kimevimba. Nimepigwa? – Mwana wa Lami, Msamvu.*

Marahaba, mjukuu wangu. Hukupigwa. Raba ni nzuri, ila umenunua jibu la swali la mtu mwingine. Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, Oktoba 2019, alivaa kiatu cha ukoo huo. Zogo lake lilikuwa kubwa hata wakubwa wa riadha duniani wakatoa sheria mwaka 2020: kwa mbio za barabarani soli isizidi milimita 40, na kibao kiwe kimoja tu. Sponji lile linarudisha nguvu ya mkanyago, kibao kinalisimamia lisiyumbe. Hufanya kazi vizuri kwa mtu anayeshuka chini kwa kasi ileile na pembe ileile mara elfu kadhaa, juu ya lami iliyonyooka.

Sasa wewe nakujua, unapita hapa. Unaruka mtaro, unakwepa bajaji, unakanyaga kokoto, unasimama kusalimia. Soli nene ni stuli. Aliye juu ya stuli akikanyaga jiwe, stuli inalala na kifundo ndicho kinacholipa. Tena hiyo ni mtumba: mwenyewe wa kwanza kashakula utamu wote wa sponji, wewe umeachiwa ganda.

Siku nyingine kabla hujatoa hela, fanya hivi mbele ya muuzaji. Kiweke kiatu juu ya meza, ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, bado kinamkumbuka bwana wake wa zamani, kirudishe. Bonyeza ubavu wa soli kwa dole gumba: sponji zima huingia kidogo na kurudi, lililokufa lina mikunjo kama shingo yangu na halirudi. Kisha kikunje kiatu. Soli iliyokaa ghalani miaka mingi hupasuka hapo hapo, au humeguka kama keki, na hapo usimtafute Fundi Soli. Gundi haishiki unga.

Simbu pale Tokyo alimaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na mia tatu za sekunde. Hapana, nimekosea, hizo ni nyingi: sehemu tatu tu za mia ya sekunde moja. Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji kiatu kinachomwongezea punje. Wewe unahitaji raba yenye soli ya wastani, na kulala kabla ya saa sita usiku.

*Babu, shikamoo. Kikundi chetu cha mchakamchaka kilipanda Morningside Jumamosi. Kupanda nilikwenda vizuri, nikawaimbisha wenzangu. Kushuka nililia. Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi, na mume wangu anasema ndiyo mwisho wa michezo. Raba ni mpya, namba 39, namba yangu tangu niolewe. – Mama wa Jumamosi, Kihonda.*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mzee atulie, kosa ni la hiyo namba 39. Mguu wa bibi harusi na mguu wa mama wa watoto watatu si mguu mmoja. Mimba huutandaza unyayo, miaka huutandaza, joto letu nalo huvimbisha kila kitu. Ukijipimia raba saa mbili asubuhi unapima mguu uliolala. Ule utakaokimbia nao ni wa jioni. Kanunue jioni, nenda na soksi zako, pima ukiwa umesimama. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe gumba) pabaki upana wa dole gumba la mkono. Kisigino kishikwe, vidole vipige gumzo. Ikibidi iwe 40 au 41, hakuna atakayekusomea namba ukiwa unakimbia.

Na Morningside si mchezo. Mji uko kama mita 500 hivi juu ya bahari, jengo lile la Wajerumani kule mlimani Uluguru liko karibu 1,300. Ukishuka mita 800 zote hizo, kila hatua mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na kucha inagonga ukuta. Inavuja damu chini kwa chini, ndiyo weusi huo. Kabla ya kushuka kaa kwenye jiwe, gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, kisha kaza kamba pale juu karibu na kifundo, uziachie kidogo za vidoleni. Kata kucha siku mbili kabla. Zile mbili nyeusi ziache, zitajitoa zenyewe kwa wakati wao. Zikiuma sana au zikitoa usaha, nenda hospitali, usiniletee mimi na koleo langu.

Nyongeza: masika, udongo wa Uluguru ni sabuni. Raba ya lami ina soli laini iliyokaa kama kigae, ukiipeleka kule utashuka kwa makalio. Tafuta yenye meno. Halafu tazama akina mama wa Choma, kule kule mlimani, wanavyoshuka na mizigo yao kichwani, wengine kwa kandambili. Hatua fupi, goti limelegea, macho mbele. Ukiiga mwendo huo hata raba mbaya itakusitiri.

*Mzee Soli, habari za kazi. Mimi ni mhasibu, nina miaka 44, kilo 96. Nimeanza kukimbia kwa amri ya daktari. Dukani wamenitazama mguu, wakasema nina unyayo bapa, wakaniuzia raba ngumu za kunyoosha mguu. Tangu hapo goti linauma. Nivumilie? – Mnyayo Bapa, Forest.*

Salama, bwana mhasibu. Usivumilie. Hizi habari za unyayo bapa, unyayo wa upinde, unyayo wa kati, zimeuza raba nyingi mno duniani. Njoo nikuonyeshe: lowesha mguu, kanyaga saruji kavu. Alama ikitoka nzima kama chapati, bapa. Ikitoka na kiuno chembamba, upinde. Mchezo mzuri wa watoto. Jeshi la Marekani liliufanyia kazi kweli, likawagawa maelfu ya kuruta: nusu wakapewa raba kulingana na umbo la unyayo, nusu wakapewa aina moja tu bila kuangalia mguu. Majibu yakachapishwa 2009 na 2010, ya jeshi la nchi kavu, la anga na la wanamaji. Majeruhi walilingana pande zote.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kipimo cha bibi yangu, aliyenunua viatu viwili tu maisha yake yote na vyote vikamfaa: vaa, tembea, kimbia hatua ishirini nje ya duka, uliza mguu. Mguu ukisema “hapa”, lipa. Ukisema “nitazoea”, vua. Kiatu cha kukimbilia hakizoeleki, ama kimekubali ama kimekataa. Muuzaji akikukataza kukimbia hatua ishirini, anajua kitu.

Kwa uzito wako chukua raba yenye sponji la kutosha na kitako kipana, isiyokuwa ngumu. Anza kwa kukimbia dakika mbili, kutembea dakika mbili, kwenye majani au vumbi, lami baadaye. Goti linaloendelea kuuma lipeleke kwa yule daktari aliyekupa amri, alimalize alichokianza. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu: raba ya mbio inadumu kilomita 500 hadi 800 hivi. Kilomita 5 mara nne kwa wiki ni 20. Baada ya wiki 25 anza kuitilia shaka, ikifika 40 iwe ya kwendea sokoni.

*Shikamoo babu. Nipo kidato cha pili, nakimbia mita 3,000. Kocha anasema Bikila alishinda bila viatu, sisi tunadeka. Ni kweli? – Peku.*

Marahaba. Ni kweli, marathoni ya Olimpiki, Roma, 1960. Ila mwambie kocha amalizie hadithi. Abebe Bikila alizoea kukimbia peku tangu mazoezini kwao Ethiopia, na viatu alivyopewa kule havikumkaa vizuri, akavua. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena, tena kwa muda mzuri zaidi. Peku kwenye majani ya uwanja wa shule ni dawa ya unyayo, fanya kidogo kidogo. Peku kwenye barabara yenye vipande vya chupa ni pepopunda. Kwa UMISSETA azima raba inayokukaa, hata kama ina kiraka. Kiraka nitakupigia bure, ukija na sare ya shule.

*Fundi, kwa nini tununue raba za Wachina na mitumba ya Wazungu? Moro si tulikuwa na kiwanda cha viatu? – Mzalendo, Mji Mpya.*

Umenigusa pabaya, mdogo wangu. Kiwanda kilikuwepo, kwa fedha za Benki ya Dunia, mpango wa miaka ya 1970. Kilipangwa kitoe pea milioni nne kwa mwaka, wakati sensa ya 1978 ilituhesabu watu milioni 17 na nusu nchi nzima. Sehemu kubwa ya pea hizo iende Ulaya. Nani huko alikuwa ameziomba, sijapata kusikia. Jengo lenyewe kuta za alumini, bila tundu la kupitisha hewa, chini ya jua la Morogoro! Mashine zikaharibika, vipuri hakuna, na uzalishaji haukupata kuvuka asilimia nne ya uliotarajiwa. Mwaka 1990 kikafunga. Hiyo ndiyo raba kubwa kuliko zote zilizowahi kuletwa mji huu, na ilinunuliwa bila mguu kuulizwa. Jirani zetu Wakenya walianza kidogo: walitoa raba ya mbio iitwayo Enda, ya kwanza wakaipa jina la Iten, mji wa wakimbiaji wenyewe. Waliokimbia ndio waliotangulia kuulizwa. Sisi tunaye bingwa wa dunia wa marathoni, na ng'ombe wa ngozi tele.

Majibu ya haraka. *Aliyefua raba na kuianika juu ya bati:* joto la bati linayeyusha gundi. Ondoa kitambaa cha ndani, jaza gazeti kuukuu, weka kivulini, badili gazeti jioni. *Anayeuliza kama njumu za mpira zinafaa kukimbilia lami:* hapana. *Anayeuliza rangi ipi ina kasi zaidi:* nyekundu, mradi polisi wawe nyuma yako.

Na wewe uliyeniachia raba ya kijani, mguu wa kushoto peke yake, namba 41, tangu Idi: imeshashonwa. Njoo na wa kulia niulinganishe kisigino, maana nikimaliza wiki hii naugawa kwa mwenye mguu mmoja.